Chumvi, kamba na kioo: Vyombo vya nyumbani vilivyobebeshwa fikra nzito

Tunapojuliana hali kwa Kiswahili, tuna desturi moja ambayo wageni wa lugha hii huistaajabia. Tunakanusha. Mtu anakuuliza, 'Hujambo?' Nawe unamjibu, 'Sijambo.' Hukumwambia ulicho nacho, umemwambia usicho nacho. Huna jambo: hakuna lililozuka, hakuna lililokusibu. Uzima wenyewe hujautaja, lakini mwenzio ameuelewa wote. Neno hili tumelitumia tangu utotoni, hata hatukisikii tena kile kikanushi kilichomo ndani yake.

Nimeanza na salamu hii kwa sababu leo nataka tuzungumzie neno jingine lililojengwa kwa kukanusha, neno la Kisanskriti ambalo limewatoa wafasiri jasho kwa karne kadhaa. Neno hilo ni 'advaita'. Kiambishi 'a-' kinakanusha, kama 'si-' au 'ha-' zetu. 'Dvaita' ni hali ya kuwa viwili. Kwa hivyo advaita ni hali ya kutokuwa viwili. Ni jina la fundisho la kale la Uhindi linalosema kwamba fahamu inayoona na ulimwengu unaoonwa, ukivichunguza hadi mwisho, havitengani. Wabudha wa China na Japani wana mafundisho yao yanayokaribiana na hilo, na baadhi ya masufii wa Kiislamu nao wana yao. Mafundisho haya hayafanani kwa kila kitu, na wenyewe wamebishana vikali. Lakini yote yamekutana na tatizo moja la lugha: utasemaje kuhusu kisichogawanyika kwa kutumia sentensi, ilhali sentensi yenyewe ina kiima na yambwa, mtenda na mtendwa?

Wafasiri wetu hukimbilia neno 'umoja'. Mimi nina shaka nalo. Umoja wa Mataifa, umoja wa wakulima, umoja ni nguvu: kwetu sisi umoja ni wa wale waliokuwa wengi, kisha wakajiunga. Penye umoja pana hesabu. Fundisho la advaita linadai kwamba hapakuwahi kuwa na vitu vya kuunganishwa. Ndiyo maana waliolibuni neno lile hawakusema 'kimoja'. Walisema 'si viwili', wakaishia hapo.

Baada ya kukanusha, walimu wa zamani walifanya jambo la busara. Waliingia jikoni. Waliokota chumvi, chungu, kamba, kijinga cha moto, kioo na bakuli, wakavibebesha fikra zao nzito. Hoja yangu leo ni kwamba historia ya fundisho hili ni historia ya vyombo pia. Na vyombo vya watu hubadilika. Chombo kikibadilika, sitiari iliyojengwa juu yake hubadilika maana, hata kama maneno yamebaki yale yale. Mfasiri asiyekijua chombo atatafsiri jina lake na kuiacha kazi yake nyuma.

Tuanze na chumvi. Katika Chandogya Upanishad, matini ambayo wataalamu wengi huiweka kati ya karne ya 8 na ya 6 KK, tunakutana na kijana aitwaye Shvetaketu. Alipelekwa masomoni akiwa na umri wa miaka 12, akarudi akiwa na miaka 24, ameshakariri Veda zote na amejaa majivuno. (Nimefundisha chuo kikuu kwa miaka mingi, namjua kijana huyu.) Baba yake, Uddalaka, hakumwekea mhadhara. Alianza na udongo. Akamweleza kuwa ukilijua bonge moja la udongo umevijua vyote vilivyofinyangwa kwa udongo, kwani tofauti zao ni majina tu ya ulimini. Kiswahili kinaweza kuliweka somo hili vizuri sana: chungu, mtungi, kaango, chetezo, jiko. Tumevipa majina kwa sababu ya kazi zake. Vikivunjika vyote, tunaokota vigae, na vigae ni udongo.

Kisha baba akamwambia mwana atie chumvi majini usiku. Asubuhi akamwagiza amletee ile chumvi. Kijana akapapasa, asiione. Basi akaambiwa aonje maji ya upande huu, ya katikati na ya upande ule. Kote ni chumvi. Baba akamweleza kwamba kiini cha kila kilichopo kimeenea vivyo hivyo, hakionekani lakini kipo, na kwamba kiini hicho ndicho yeye mwenyewe, Shvetaketu.

Msomaji wa leo anaweza kujiuliza: ni nani angetarajia kuiokota chumvi asubuhi? Chumvi yetu ya pakiti ni unga. Lakini Upanishad nyingine ya zamani, Brihadaranyaka, inataja waziwazi bonge la chumvi katika mazungumzo ya mwalimu Yajnavalkya na mkewe Maitreyi. Chumvi ya zama zile ilishikika mkononi kama jiwe. Bibi zetu waliopika maharagwe kwa mabonge ya magadi wangeuelewa mfano huu bila kuelezwa. Waliona kwa macho yao jiwe likiingia sufuriani na kutorudi. Sisi wa pakiti lazima tuelezwe kwanza habari ya jiwe ndipo tushangae kutoweka kwake.

Mfano wa pili ni kamba. Mtu anatembea jioni, anaona nyoka njiani, moyo unamruka. Taa inaletwa: kumbe ni kamba. Nyoka hakuuawa wala hakukimbia, kwani hakuwahi kuwepo. Mfano huu ulitumiwa na Gaudapada, na baadaye ukatumiwa na Shankara, mwanafalsafa ambaye mapokeo yanasema alizaliwa Kaladi, katika jimbo la sasa la Kerala, na ambaye wanahistoria wengi humweka katika karne ya 8. Wafuasi wa advaita hukumbusha kwamba Gaudapada alikuwa mwalimu wa mwalimu wake.

Hapa Kiswahili hakihitaji kuazima. Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wengi tunaifundisha methali hii kama onyo kuhusu uoga wa mtu aliyewahi kudhurika. Lakini tuitazame vizuri. Mfano wa kamba, unavyosimuliwa kwa kawaida, unalaumu giza. Methali yetu inalaumu kumbukumbu. Ung'ongo ungeweza kuonekana mchana kweupe na bado ukamshtua aliyeumwa. Na ajabu ni kwamba Shankara mwenyewe, alipofafanua kosa hili la kukibandika kitu kimoja juu ya kingine, alilieleza kuwa ni la namna ya kumbukumbu: kilichoonwa zamani mahali pengine kinajitokeza mahali ambapo hakipo. Wahenga wetu hawakumsoma Shankara, wala yeye hakuwasikia. Ila nyoka ni nyoka, na mwanadamu ni yule yule.

Gaudapada alikuwa na mfano mwingine ambao wengi waliolelewa mashambani watautambua. Tukiwa watoto tulikuwa tukichomoa kijinga cha moto mekoni usiku na kukizungusha gizani kwa kasi. Tuliona duara zima la moto, tukaandika nane, tukaandika majina yetu. Mama alikuwa akitukemea kwamba tutachoma nyumba. Mkono ukitulia, duara halipo. Limebaki kaa moja. Gaudapada aliuliza: lile duara lilitoka wapi na limekwenda wapi? Halikuingia katika kijinga wala halikutoka humo. Sura ya mwisho ya kitabu chake inaitwa kwa jina la kijinga hicho kinachotulizwa. Nina wasiwasi kwamba mtoto aliyezaliwa penye jiko la gesi hatausikia mfano huu mwilini mwake kama tulivyousikia sisi.

Sasa tuvuke milima hadi China, ambako kioo kiliwagombanisha watu. Kisa kinapatikana katika Sutra ya Jukwaa, matini mashuhuri ya Ubudha wa Chan, ule ambao Japani waliuita Zen. Hongren, kiongozi wa tano wa tapo hilo, alitaka mrithi, akawaambia watawa wake kila mmoja aandike shairi la kuonyesha alichokielewa. Shenxiu, msomi wa kutajika, aliandika ukutani kwamba moyo ni mfano wa kioo king'aacho kilichosimama kwenye kitako chake, nasi tukipanguse kila mara vumbi lisitue. Huineng, kijana wa kusini asiyejua kusoma, aliyekuwa akitwanga mpunga ghalani, akamwomba mtu amwandikie jibu. Alikataa kitako, akakataa kioo, akauliza vumbi litatua juu ya nini. Usiku Hongren akampa Huineng joho la urithi.

Ni kisa kitamu, na wanahistoria hawakiamini kama kilivyo. Shenxiu alifariki mwaka 706 na Huineng mwaka 713. Aliyeibeba bendera ya Huineng hadharani ni mfuasi wake Shenhui, ambaye mnamo 732 aliwashambulia wafuasi wa Shenxiu kwa maneno makali. Kisha mwaka 1900 lilifunguliwa pango lililokuwa limezibwa huko Dunhuang, na miongoni mwa maelfu ya hati zilizotoka humo ikapatikana nakala ya zamani ya sutra hiyo. Shairi la Huineng katika nakala hiyo si sawa na lile linalokaririwa na watu hadi leo. Kauli kwamba tangu asili hakuna kitu chochote haimo. Mahali pake pana kauli kuhusu usafi wa daima wa asili ya Buddha. Sitiari yenyewe ilikuwa ikisuguliwa, kizazi baada ya kizazi, hadi ikapata makali yaliyohitajika vitani.

Lakini mimi kama mtu wa lugha nasimama kwenye neno 'kioo'. Katika Kiswahili, kioo ni cha dirisha, kioo ni cha kujitazamia, na siku hizi kioo ni cha simu pia. Kile cha enzi ya Tang hakikuwa hata kimoja kati ya hivyo. Kilikuwa bamba la shaba iliyochanganywa na bati, upande mmoja ukiwa umesuguliwa hadi ukang'aa. Bamba la namna hiyo hufifia lenyewe. Usipolisugua, baada ya muda hutajiona. Kwa hivyo Shenxiu hakuwa mjinga wa kumchekesha mtu. Alikuwa akisema jambo ambalo kila mwenye kioo nyumbani alilijua: bila kazi ya kila siku, hakuna taswira. Masufii nao, waliposema moyo ni kioo kinachoshika kutu, walimaanisha kioo cha chuma kama hicho. Kioo chetu cha ukutani kinapanguswa kwa kitambaa na hakina kutu. Mfasiri akiandika 'kioo' bila kusema cha nini, Shenxiu anaonekana mtu wa mambo madogo, na ushindi wa Huineng unakuwa wa bure.

Nimewataja masufii, na hapo sitiari ziligharimu roho za watu. Junayd wa Baghdad, aliyefariki mwaka 910, anahusishwa na mfano wa maji yanayochukua rangi ya chombo chake. Ibn Arabi, aliyezaliwa Murcia mwaka 1165 na kufariki Damascus mwaka 1240, aliuendeleza, na akatumia pia mfano wa mwanga unaopita katika kioo cha rangi: mwanga hauna rangi, kioo ndicho chenye rangi, na macho yetu huona mwanga mwekundu au wa kijani. Fundisho lililohusishwa na jina lake lilikuja kuitwa 'wahdat al-wujud'. Maulamaa wengi walilipinga, wakihofia kwamba linafuta mpaka kati ya Muumba na viumbe. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alikuwa mmoja wao. Huko Uhindi, Ahmad Sirhindi, aliyefariki mwaka 1624, alipendekeza marekebisho: kinachokuwa kimoja ni ushuhuda wa mwenye kuona, si uwepo wa vitu. Hebu angalia jinsi hoja nzima ilivyosimama juu ya maneno mawili, 'wujud' na 'shuhud', na yote mawili tunayo: wajihi wake wa Kiswahili ni 'kuwepo' na 'kushuhudia'.

Mwanamfalme Dara Shikoh, mwana wa Shah Jahan aliyejenga Taj Mahal, alitaka kuzikutanisha jadi hizi mbili. Alitunga kitabu akakiita Majma al-Bahrain, makutano ya bahari mbili, jina linalowakumbusha Waislamu safari ya Musa katika Sura ya al-Kahf. Mwaka 1657, akisaidiwa na wataalamu wa Kisanskriti, alikamilisha tafsiri ya Kiajemi ya Upanishad zipatazo 50. Chumvi ya Uddalaka ikavuka mpaka wa lugha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1659, ndugu yake Aurangzeb alimshinda katika vita vya kugombea kiti cha enzi, na Dara akauawa Delhi. Sababu kubwa ilikuwa kiti. Shtaka lililotangazwa lilikuwa kuritadi, na kazi yake ya kalamu ikatumika kama ushahidi. Tunaposema tafsiri ni kazi ya kukaa kivulini na kamusi, tumkumbuke huyu.

Tafsiri yake haikufa. Mfaransa Anquetil-Duperron aliigeuza kwa Kilatini na kuichapisha mwaka 1801 na 1802, na kwa njia hiyo ikamfikia Schopenhauer huko Ujerumani, ambaye aliipenda mno. Max Müller alikuja kutafsiri Upanishad moja kwa moja kutoka Kisanskriti hadi Kiingereza, juzuu mbili, 1879 na 1884. Kwa muda mrefu kabla ya hapo, mbonji wa Ulaya aliyeonja ile chumvi aliionja kwa ulimi wa Kiajemi uliovikwa Kilatini.

Vyombo vilipobadilika, walimu waliokuwa macho walibadilisha mifano. Mwezi Julai 1896 sinema ilionyeshwa Bombay kwa mara ya kwanza. Mwezi Septemba mwaka huo huo, kijana wa miaka 16 alifika katika mji wa hekalu wa Tiruvannamalai, kusini mwa Uhindi, na hakuuacha tena hadi alipofariki mwaka 1950. Huyo ndiye Ramana Maharshi. Katika mazungumzo yake yaliyoandikwa na wafuasi miaka ya 1930, anarudia mara nyingi mfano ambao Shankara hangeweza kuuwaza: pazia la sinema. Picha ya moto haiunguzi pazia, picha ya mafuriko hailowanishi. Wahusika wanazaliwa na kufa juu yake, nalo limetulia. Fahamu, alisema, ni kama pazia hilo.

Wazee wenzangu wanakumbuka gari la sinema lililokuwa likizunguka vijijini. Shuka jeupe lilitandazwa kati ya miti miwili, na sisi watoto tulikuwa tukikimbilia nyuma yake kutafuta farasi walikoingia. Filamu ikiisha, shuka lilikunjwa, safi vile vile. Kwa kizazi hicho, Ramana hana haja ya mkalimani. Lakini leo 'skrini' ni kitu kingine. Kioo cha simu hakikai kimya kikisubiri picha. Kinalia, kinatetema, kinakuita katikati ya chakula. Chombo kilichokuwa sitiari ya utulivu kimekuwa jina la usumbufu. Mwalimu anayewaambia vijana wa leo kwamba fahamu ni kama skrini ajue watakachokisikia.

Tumefika basi kwenye nusu ya pili ya mada, yaani kuwepo hapa na sasa. Dogen, mtawa wa Kijapani, alisafiri kwenda China mwaka 1223. Miaka mingi baadaye, mwaka 1237, aliandika maagizo kwa mpishi wa monasteri, na humo akasimulia alivyomkuta mpishi mzee akianika chakula uani, jua la mchana likiwaka na vigae vya sakafu vikichoma. Mzee alikuwa na umri wa miaka 68, mgongo umepinda. Dogen akamuuliza kwa nini asiwaachie wasaidizi. Mzee akajibu kwamba wao si yeye. Basi kwa nini asingoje jua lipoe? Mzee akamuuliza angoje wakati gani. Dogen anasema alinyamaza na kuendelea na safari yake. Nikiwa na umri unaokaribia wa mpishi huyo, nauona uzito wa jibu lake kuliko nilipolisoma nikiwa na nywele nyeusi.

Miaka 700 na zaidi baadaye, mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyekuwa akiishi Ufaransa kwa sababu hakuruhusiwa kurudi kwao, aliandika waraka mrefu kwa vijana wa shule ya huduma za jamii aliyosaidia kuianzisha. Vijana hao walikuwa wakihudumia wanavijiji katikati ya vita, na baadhi ya wenzao walikuwa wameuawa. Aliwaandikia nini? Aliwaandikia kuhusu kuosha vyombo. Aliwaeleza kwamba mtu anaweza kuosha vyombo ili viishe apate chai, au akaviosha kwa ajili ya kuviosha. Anayewaza chai akiwa na bakuli mkononi, na chai ikija atawaza jingine. Waraka huo ulikuja kuwa kitabu kinachosomwa duniani kote, mara nyingi na watu wenye starehe zao. Walioandikiwa kwanza hawakuwa na starehe. Walihitaji njia ya kutopasuka vichwa.

Na sisi tunalisemaje hili kwa Kiswahili? Kwa bahati nzuri lugha yetu haikubali mtu awe tu bila mahali. Tunasema yupo, yuko, yumo: papo hapo panapojulikana, kule kwa jumla, au mle ndani. Hata 'kuwepo', ambako wakali wa sarufi hutaka tuseme 'kuwapo', kumebeba ile 'po' ya mahali mgongoni. Jirani akipiga hodi na kuuliza, 'Mpo?', tunajibu, 'Tupo.' Jibu hilo ni la mwili na la moyo kwa pamoja. Ndiyo maana tunaweza kumwambia mtu aliyeketi mbele yetu, 'Wewe haupo hapa', naye asibishe.

Kiarabu nacho kilituachia familia nzima: kuhudhuria, mahudhurio, hadhara, na 'hadhra', jina la kikao cha dhikri cha watu wa twarika. Neno 'hadhari' lina mzizi mwingine kabisa katika Kiarabu, lakini kwa masikio ya Mswahili limekaa karibu na kuhudhuria kama ndugu. Si vibaya. Aliyehudhuria kwa kweli ana hadhari. Mwili ukiwa darasani na akili ikiwa sokoni, mahudhurio ni ya rejista tu.

Kisha kuna 'sasa'. Marehemu Profesa John Mbiti, mwana wa Kitui, alilifanya neno hili kuwa istilahi ya kifalsafa katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Alizigawa nyakati kuwa Sasa na Zamani, akitegemea nyakati za vitenzi katika Kikamba na Gikuyu. Alikosolewa, hasa kwa kudai kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Kwame Gyekye wa Ghana alikuwa miongoni mwa wakosoaji hao. Hata hivyo, Sasa ya Mbiti ina jambo la kutufaa. Si nukta ya saa. Ni pana, imebeba yaliyotokea punde na yanayokaribia kutokea. Washauri wetu wanapowahimiza watu 'waishi sasa', wengi husikia amri ya kusahau jana na kutojali kesho, na mzazi mwenye karo ya kulipa ataona ni upuuzi. Yule mpishi wa Dogen hakusahau kesho. Alikuwa akianika chakula cha akiba.

Vijana wa Nairobi, nao, wamelifanya neno hilo salamu. 'Sasa?' 'Poa.' Sidai kwamba kila anayesalimiana hivyo kituoni ni mfuasi wa Gaudapada. Nasema tu kwamba lugha ambayo wazee wake hujuliana hali kwa kukanusha na vijana wake kwa kuutaja wakati uliopo si lugha ya kuombewa msamiati.

Kwa hivyo, kwa wanaotafsiri maandishi haya, na wanazidi kuwa wengi katika vyuo vyetu, katika vituo vya ushauri nasaha na hata hospitalini, ushauri wangu ni huu. Advaita iwe 'kutokuwa viwili', hata kama ni refu na halipendezi kwenye jalada. 'Umoja' tuuache kwa vyama vya ushirika. Kila mfano upewe chombo chake cha asili kwa maneno mawili matatu: bonge la chumvi, kioo cha shaba, shuka la sinema. Na pale chombo kilipokufa kabisa, mfasiri atafute kingine kinachofanya kazi ile ile, aseme wazi kwamba amekibadilisha. Ramana alifanya hivyo na pazia lake, wala hakuna aliyemshtaki kwa kumsaliti Shankara.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili anaitafsiri sura ile ya Uddalaka na mwanawe. Wiki hii aliniletea ukurasa wa chumvi. Badala ya 'chumvi' ameandika 'bonge la magadi', na pembeni kwa penseli ameniuliza kama maji ya magadi yananyweka.